Kibao cha Jina cha Josué

Wenzangu mliobaki stoo,

Siku mliponikatia keki mliniomba niandike mambo mawili matatu ya kazi yetu, ili atakayeshika funguo baada yangu asianze kwa kupapasa. Nilikubali haraka kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa ni wiki ya tatu nimekaa mezani kwangu hapa Jeffersontown, pembeni mwa Louisville, goti bovu nimelipumzisha juu ya kiti, na naona siwezi kuwaandikia habari za kufua jezi bila kuwaambia jambo nililolifanya mwezi wa kwanza mwaka huu. Wengi wenu mlikuwepo siku hiyo na hamkujua. Nitafika huko, lakini lazima nianzie Columbus, maana huko ndiko nilikofundishwa nisilifanye.

Nilikuja Columbus kutoka Bungoma kusoma kilimo. Nilipanga chumba karibu na chuo, katika nyumba ya mbao tuliyoishi Wakenya watano na sufuria moja nzuri iliyogombaniwa kila jioni. Viza ya mwanafunzi iliniruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya udobi wa timu ya mpira. Niliposikia mpira nilifurahi, nikajiona tayari nafua jezi za watu wanaopiga chenga. Siku ya kwanza nikaingia stoo nikakuta helmeti zaidi ya mia zimepangwa ukutani, nikamuuliza mzee aliyekuwa anashona kama nimepotea nikaingia zimamoto. Mzee huyo aliitwa Earl. Hakucheka. Kumbe mpira wa huku ni ule wa kubebwa mikononi na kugongana vichwa. Alinisukumia kikapu cha soksi mbichi na kuniambia nianze.

Earl ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua. Alinionyesha kitanzi cha kamba chenye namba ya mchezaji: soksi, fulana ya ndani na kaptula vinapitishwa humo, vinafuliwa pamoja, vinakaushwa pamoja, na havipotezani kamwe. Alinifundisha kuvalisha helmeti. Unashika chuma cha mbele, unakizungusha kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso ikienda na helmeti, imekaa. Helmeti ikiteleza peke yake, ongeza upepo kwenye vimto vya ndani. Alinifundisha pia kushona jina mgongoni mwa jezi bila kuikunja, na kazi hiyo ilinitoa jasho mwaka mzima. Majina mafupi nilikuwa nayapenda sana.

Watu wa nje wanadhani kazi yetu ni ya msimu wa mechi. Nyinyi mnajua kwamba mechi ni mazoea tu. Kazi inayoumiza ni ile ya baada ya mechi ya mwisho, kati ya Krismasi na majani kuanza kuota, pale makocha wanapofukuzwa na wengine kuletwa, wachezaji wanapoondoka na wengine kuja, na kila anayeondoka anaacha kabati lenye kibao cha jina kilichochomekwa juu yake. Mtu wa stoo ndiye anayekichomoa.

Earl alikuwa na utaratibu wake. Orodha ya wanaoondoka ikiletwa, alipanda nayo ghorofani kwa kocha mkuu, akaweka kidole kwenye kila jina na kuuliza swali moja: ameambiwa? Kocha asipojibu ndiyo, jina lilibaki kabatini hata kama mwenyewe hakuonekana wiki nzima. Akishaambiwa, Earl alimngoja aje kuchukua vitu vyake, akachomoa kibao mbele yake na kumkabidhi mkononi. Hakuwa na hotuba. Siku moja jitu la futi sita na ushee lilipokea kibao chake, likakaa kwenye benchi na kulia kama lililofiwa, na Earl akaniambia nikunje taulo. Taulo zilikuwa zimeshakunjwa zote. Nilizikunjua nikazikunja upya, mpaka yule kijana akainuka na kwenda zake.

Kilimo sikukimaliza. Kocha msaidizi mmoja alipopewa timu ya chuo kimoja cha Buffalo alinichukua, na mambo ya mshahara nayaruka kwa sababu hayana mvuto. Buffalo ilinifunza theluji. Bomba la kutolea joto la mashine za kukaushia lilitokea nyuma ya jengo, usawa wa magoti, na kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kulifukua kwa koleo kabla ya kuwasha chochote. Huko ndiko nilikofahamiana na Lenny, kocha wa wapiga teke, wale wachache wanaoingia uwanjani kuupiga mpira kwa mguu, wakati huo akiwa kijana. Mkumbuke jina hilo, kwa sababu yeye bado yuko Buffalo na atarudi katika habari hii.

Yule kocha aliyenipeleka alifukuzwa mwaka wa nne. Habari alizisoma kwenye simu yake akiwa ameegesha gari, kabla ya mtu yeyote wa chuo kumtamkia. Nilipakia viatu vyake, filimbi na picha za watoto wake katika maboksi manne, kisha nikachomoa kibao cha mlangoni na kumpelekea garini. Alikiangalia muda mrefu.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia leo," akasema.

Nilirudi ndani nikafungua orodha ya Earl kichwani mwangu na kuapa kwamba swali lile nitaliuliza mpaka nistaafu. Na nililiuliza, miaka yote ya Buffalo, na hapa Louisville tangu mke wangu alipopata kazi ya uuguzi nami nikaingia stoo hii yetu. Hata mambo yalipobadilika sikuacha. Siku za Earl mchezaji aliondoka akimaliza masomo au akivunjika mguu. Siku hizi kuna potali, anajaza fomu kwenye simu akitafuta chuo kingine, na orodha ya majira ya baridi imekuwa ndefu kuliko ya harusi. Nilipanda ngazi zile kumi na nane za kwenda kwa kocha kila mwaka, nikaweka kidole, nikauliza.

Sasa Josué. Mnamkumbuka, mpiga teke wetu, yule mwembamba aliyekuwa akipita stoo hata kama hana shida na kitu. Familia yake ilitoka Uvira, ikakaa kambini Burundi, ikaletwa Louisville yeye akiwa na miaka sita. Alikua Okolona, mtaa wa hapahapa mjini, akicheza mpira wa miguu, wa kwetu, mpaka mwalimu wa sekondari alipoona ule mguu na kumwekea mpira wenye ncha mbili. Mguu huo ndio uliomlipia chuo. Alikuwa akiniamkia "Jambo, papa" mlangoni, yaani baba kwa Kiswahili cha kwao, halafu yote yaliyofuata yalikuwa Kiingereza. Nilimjibu kwa Kiswahili na tukaelewana hivyo miaka miwili. Mama yake hufunga maboksi katika ghala la hukohuko Okolona, Jumamosi pia, kwa hiyo katika miaka hiyo miwili hakuwahi kuona mwanawe anapoweka viatu.

Desemba kocha wetu aliondolewa, na kabla ya mwaka mpya akaja mwingine na watu wake. Ijumaa ya pili ya Januari msaidizi wake alituma orodha kwenye barua pepe, na maagizo kwamba kesho yake kuna wageni, wachezaji wa vyuo vingine wanaotafuta pa kuhamia. Desturi yetu ya wageni mnaijua: kila mgeni tunamwekea jina kabatini na jezi yenye namba anayoitaka, apigwe picha, ajione yuko nyumbani. Nilihitaji makabati kumi na moja kabla ya jioni.

Orodha ilikuwa na rangi, ila mimi niliichapa bila kuitazama kwenye skrini. Nyekundu ilimaanisha ameshaondoka; ya manjano ilimaanisha kocha atazungumza naye Jumatatu. Printa ya stoo ilikuwa imeishiwa wino wa rangi tangu Novemba, nami ndiye niliyekuwa naahirisha kuagiza. Karatasi ilitoka na kijivu kitupu. Majina kumi na moja ya kijivu, makabati kumi na moja. Hesabu iliingia sawasawa na mimi nikaridhika.

Jina la Josué lilikuwa la saba. Nililiona. Nilisimama mbele ya kabati lake na kibao mkononi, nikafikiri, hata huyu? Swali la Earl lilinijia palepale. Lakini goti lilikuwa limevimba, ngazi ni kumi na nane, watu wa ghorofani ni wageni kwangu, na sikutaka waone mzee anayekuja kuuliza maswali. Nikakitia kibao mfukoni. Nikaweka vitu vyake katika mfuko mweusi, kitanzi chake cha soksi juu kabisa, na kabati nikampa mgeni, mpiga teke kutoka jimbo jingine.

Jumamosi hiyo Mama Josué alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aje kwa mara ya kwanza. Alivaa kitenge kipya chini ya koti. Alikuja na mama wawili wa kwaya ya kanisa lao, na Josué akiwatangulia, akiwaonyesha hiki na kile kwa furaha. Mimi nilikuwa mlangoni na mkanda wa gundi mkononi. Waliingia chumba cha makabati wakati mgeni anapigwa picha, amekumbatia jezi, jina lake juu ya kichwa chake. Mama akauliza kabati la mtoto wake ni lipi. Josué aliangalia lile jina geni, akaangalia mfuko mweusi sakafuni, akauokota, na kwa sauti ya chini sana akamwambia mama yake waondoke. Wale mama wa kwaya waligeuka nyuma kwa adabu, kama watu waliofungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

Kabla jua halijazama Josué alikuwa ameingiza jina lake potali. Ni kijana mwenye haya. Hakutaka kungoja afukuzwe mara ya pili.

Jumatatu nilimkuta kocha mkuu kwenye ngazi. Aliniuliza kama namfahamu yule mpiga teke Mwafrika, kwa nini amekimbia. Akasema alikuwa amepanga kuzungumza naye asubuhi hiyo. "Nilitaka abaki," akasema. "Sasa nafasi yake nimempa yule mgeni."

Hapo ndipo penye kosa langu halisi, ndugu zangu. La printa ni la uzembe, na uzembe tunao wote. Lakini kocha alikuwa mbele yangu, ngazi moja juu, na sentensi moja tu ingemrudisha Josué kabatini mwake. Sikuisema. Jumatano yule mgeni akachagua chuo kingine, nafasi ikawa wazi tena, na bado sikuisema. Kocha mpya alikuwa anakuja na watu wake; alishawaondoa makocha watano na mtu wa chakula. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Niliogopa jina langu lisije likawa la kumi na mbili. Naandika hivi na uso unanichoma.

Nilichofanya badala yake ni kumpigia Lenny Buffalo. Nilimsifia Josué mpaka Lenny akaniuliza kama ni mwanangu. Walitazama video za mateke yake, wakamtaka, na masomo ya muhula yalikuwa yanaanza baada ya siku chache. Mama Josué alikuja nyumbani kwangu Jeffersontown kunishukuru. Alileta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye sufuria iliyofungwa kwa taulo, na ugali wa muhogo.

"Ule kocha alitupa mutoto yangu sawa takataka," aliniambia. "Ni wewe ulimuokota, papa. Mungu akubariki."

Mke wangu aliniangalia, kwa sababu yeye alikuwa anajua. Nilikula ile sombe. Nilikula na nikamsifia mpishi.

Nilijitolea kumpeleka Josué mwenyewe. Njia ya kwenda Buffalo kutoka hapa inapita Columbus, na nilipoona jina la mji kwenye kibao cha barabara nikajua siwezi kuupita nikiwa nimenyamaza. Nilikata kona kuelekea chuoni. Jengo la stoo ya Earl halipo, pamejengwa kitu cha vioo. Niliegesha pembeni, nikamwambia Josué habari za Earl na swali lake, kisha nikamwambia yangu yote: wino, ngazi, kijivu, Jumatatu na Jumatano. Nikatoa kibao chake mfukoni. Kilikuwa kimekaa humo wiki mbili na nusu. Nikamkabidhi mkononi, kama nilivyopaswa kufanya, au nisifanye kabisa.

Alikipokea. Alikigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Nilimngoja aseme kitu kwa Kiingereza, kile cha haraka cha vijana, lakini aliongea Kiswahili cha mama yake.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Utamuambia wewe. Miye sitamuambia."

Hatukuzungumza tena mpaka tulipopita Cleveland na ziwa likaonekana, limeganda kingoni. Hata hapo alisema tu kwamba anahitaji choo. Buffalo, Lenny alikuwa ametengeneza kabati na kibao kipya, jina limeandikwa vizuri na alama yake juu ya e. Josué alimshukuru. Kile cha zamani alikitia ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi. Mimi aliniaga kwa mkono, akasema niendeshe polepole kwa sababu ya theluji, na hakuniita papa.

Niliporudi nilianza na kocha kwa sababu huko kulikuwa rahisi zaidi. Nilimweleza yote, nikangoja kufukuzwa. Aliuliza kama Josué ameshaanza masomo Buffalo. Nikasema ndiyo. Akafikiri kidogo, akaniambia ninunue wino, akarudi kwenye kompyuta yake. Jambo nililoliogopa mpaka nikamuuza mtoto wa watu lilichukua dakika nne.

Kwa hiyo nyinyi mlio stoo, wino wa rangi uko kwenye rafu ya juu, katoni mbili, nimelipa mwenyewe. Vitanzi vilivyokatika viko kwenye kopo la bluu. Mashine ya tatu inavuja ikijazwa taulo. Na orodha ikija, pandeni ngazi. Mtaonekana wasumbufu, watu wa ghorofani watainua nyusi. Wekeni kidole kwenye jina na mwulize, mkijibiwa mwulize la pili.

Kwa Mama Josué nilikwenda siku yake ya mapumziko. Nilimkuta jikoni, Okolona, anaosha mchele. Nilikataa kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa mpangilio uleule niliomwambia mwanawe, na yeye aliendelea kuosha, akimwaga maji na kuongeza mengine, mpaka maji yakatoka safi kabisa na hakuna cha kuosha tena. Ndipo akafunga bomba.

"Bon," akasema. "Siku nilileta sombe, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulikula."

"Nilikula, mama."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Miye nilikuwa naomba Mungu amupige ule kocha. Kila asubui, kabla niende kazi. Majuma tatu. Nilikuwa nalaani mutu bure."

Nilitazama ule mchele. Nilidhani ataniambia nitoke, na ningetoka, na ningeona ni haki. Akaumimina ule mchele sufuriani, akafunika.

"Siku ya yenga, kisha kanisa, utakuya hapa na bibi yako," akasema. "Nitapika sombe. Utakula na miye nikiwa najua."

Jumapili tulikwenda. Alimpakulia mke wangu, akanipakulia mimi, akakaa mbele yangu bila kujipakulia. Aliniangalia nikila, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile sahani, akaniongeza.